Kuendesha gari la magurudumu ya nyuma kwenye theluji

Kuendesha gari la magurudumu ya nyuma kwenye theluji ni uendeshaji wa gari ambalo nguvu ya injini hupelekwa kwenye magurudumu mawili ya nyuma pekee, katika barabara zilizofunikwa na theluji au barafu. Suala hili huhusu hasa magari ya michezo, kwa sababu mengi kati yake yana muundo huo, pamoja na injini yenye nguvu kubwa, matairi mapana na umbo lililo karibu na ardhi.

Magari hayo hutumiwa wakati wa baridi katika nchi za Ulaya ya kaskazini, maeneo ya milima ya Alpi, Kanada, majimbo ya kaskazini ya Marekani na sehemu za Japani. Katika Afrika ya Mashariki theluji na barafu ya kudumu hupatikana juu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori tu, mahali pasipo na barabara za magari. Hata hivyo alama za majira ya theluji hufika huko pamoja na magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani: baadhi ya magari ya Toyota yana kitufe chenye neno SNOW, yaani "theluji", ambacho kazi yake imeelezwa hapa chini.

Watu wengi huamini kwamba gari la magurudumu ya nyuma haliwezi kutumika kwenye theluji. Jambo hilo si kweli, lakini gari hilo husamehe makosa machache zaidi kuliko mengine. Usalama wake hutegemea kwanza matairi, halafu mwendo na ulaini wa mikono na miguu ya dereva.

Muundo wa gari

Katika muundo wa kawaida injini iko mbele. Nguvu yake hupita kwenye giaboksi na shafti ya propela hadi difu iliyoko kwenye ekseli ya nyuma. Magurudumu ya mbele hugeuza gari na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Magurudumu ya nyuma hulisukuma. Watengenezaji wa magari ya michezo hupenda mgawanyo huu wa kazi. Gari linapoongeza kasi, uzito huhamia nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na usukani hauvutwi na nguvu ya injini.

Kwenye theluji faida hiyo hupungua, kwa kuwa gari haliwezi kuongeza kasi kiasi cha kuhamisha uzito mwingi. Kinachobaki ni uzito ambao magurudumu ya nyuma hubeba gari likiwa limesimama:

- Gari lenye injini mbele hubeba takriban nusu ya uzito wake nyuma, au pungufu kidogo. Mazda MX-5 inakaribia nusu kwa nusu. Pikapu isiyo na mzigo huwa nyepesi sana nyuma, hivyo hukwama mapema.
- Gari lenye injini katikati, nyuma ya viti, hubeba zaidi ya nusu nyuma.
- Gari lenye injini nyuma kabisa, kama Porsche 911 au Volkswagen Beetle ya zamani, hubeba takriban asilimia 60 nyuma. Magari haya huanza mwendo vizuri kwenye theluji, lakini uzito huo ukianza kuyumba kwenye kona ni vigumu kuuzuia.

Difu nayo ina athari. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu yote mawili. Gurudumu moja likisimama juu ya barafu na kuzunguka bure, lile jingine nalo hupata nguvu kidogo tu, hata likiwa juu ya lami kavu. Difu yenye kizuizi cha mtelezo hupunguza tatizo hili, ndiyo sababu hupatikana kwenye magari mengi ya michezo. Hasara yake ni kwamba magurudumu yote mawili yanaweza kuanza kuteleza kwa pamoja, na hapo nyuma ya gari huenda kando ghafla zaidi.

Msuguano na hesabu zake

Kila kitu ambacho gari hufanya, yaani kuondoka, kugeuka na kusimama, hutegemea msuguano kati ya tairi na barabara. Kipimo chake, kigawo cha msuguano, ni takriban 0.8 kwenye lami kavu, kati ya 0.2 na 0.3 kwenye theluji iliyoshindiliwa, na 0.1 au chini yake kwenye barafu. Barafu iliyo karibu na nyuzi 0 za selsiasi, yenye utando wa maji juu yake, huteleza zaidi kuliko barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Umbali wa kusimama. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, bila kuhesabu muda wa dereva kutambua hatari, huhitaji takriban mita 12 kusimama kwenye lami kavu, mita 39 kwenye theluji yenye kigawo cha 0.25, na mita 98 kwenye barafu yenye kigawo cha 0.1.

Kasi ya kona. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, kasi ya juu kabisa kabla ya gari kutoka nje ni takriban kilomita 71 kwa saa kwenye lami kavu, 40 kwenye theluji na 25 kwenye barafu.

Kupanda mlima. Hapa ndipo aina ya gari huleta tofauti. Kwenye theluji yenye kigawo cha 0.25, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne linaweza kupanda mteremko wa takriban asilimia 25. Gari la magurudumu ya nyuma lenye nusu ya uzito nyuma huishia takriban asilimia 12, na lile lenye asilimia 60 ya uzito nyuma hufika 15. Theluji laini na nzito hupunguza viwango hivi, kwa kuwa magurudumu hulazimika kuisukuma pembeni.

Hesabu hizi zinaonyesha jambo ambalo madereva wengi hulisahau. Magurudumu yanayosukuma huamua kama gari litaondoka, lakini hayaamui litasimama wapi. Magari yote hufunga breki kwa magurudumu manne. Gari la magurudumu manne lenye matairi ya kiangazi linaweza kufaulu kupanda mlima, lakini wakati wa kushuka mlima huohuo liko katika hatari kubwa kuliko gari la magurudumu ya nyuma lenye matairi ya baridi.

Matairi

Matairi ni jambo la kwanza kwa umuhimu. Mpira wa tairi la kiangazi, hasa la gari la michezo, huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwenye baridi kali tairi hilo halishiki tena barabara, hata kama halijachakaa. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na uso wake umechanjwa mikato myembamba mingi inayoshika theluji na kuondoa maji juu ya barafu.

Tairi la baridi lililopimwa kwenye theluji hutambulika kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S pekee, yaani "matope na theluji", hazithibitishi kwamba tairi lilipimwa.

Kwenye gari la michezo mambo manne huzingatiwa zaidi:

- Matairi yote manne hubadilishwa kwa pamoja. Kuweka matairi ya baridi nyuma tu husaidia gari kuondoka, lakini magurudumu ya mbele, yanayogeuza na kufunga breki, hubaki bila mshiko.
- Tairi jembamba kidogo hukata theluji hadi chini, wakati tairi pana huelea juu yake. Kwa hiyo wenye magari ya michezo wengi hutumia rimu ndogo na tairi lenye ukuta mrefu zaidi wakati wa baridi, kwa kipimo kinachokubaliwa na mtengenezaji na kinachotosha kupita breki.
- Kina cha mikato ni muhimu kuliko wakati wa kiangazi. Nchini Austria tairi la baridi la kawaida lenye kina cha chini ya milimita 4 halihesabiwi tena kuwa la baridi.
- Upepo wa matairi hushuka kwa takriban bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za kupungua kwa joto, hivyo hupimwa mara kwa mara.

Matairi yenye misumari midogo ya chuma hushika barafu vizuri zaidi. Yanaruhusiwa wakati wa baridi katika Ufini, Uswidi na Norwei, lakini yamepigwa marufuku Ujerumani kwa sababu hukwangua lami. Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo katika gari hili ni ya nyuma. Kwenye magari mengi ya michezo nafasi kati ya tairi na bodi haitoshi minyororo ya kawaida, na kitabu cha gari hueleza kama inaruhusiwa.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Jimbo la Quebec nchini Kanada lililazimisha matairi ya baridi kuanzia mwaka 2008; sasa kipindi chake ni kutoka 1 Desemba hadi 15 Machi. Uswidi huyadai kutoka 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa na hali ya baridi. Ujerumani haina tarehe maalumu: matairi hayo ni lazima kila barabara inapokuwa na theluji, barafu au utelezi wa baridi, na tangu Oktoba 2024 ni yale tu yenye alama ya mlima yanayokubaliwa.

Kuongeza uzito nyuma

Desturi ya zamani ni kuweka mifuko ya mchanga kwenye buti. Uzito huo husaidia gari kuondoka na kupanda mlima, na mchanga wenyewe unaweza kumwagwa mbele ya magurudumu gari likikwama. Mahali pazuri ni juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Mzigo ukiwekwa nyuma kabisa ya buti hupunguza uzito wa magurudumu ya mbele, na kwenye kona huvuta mkia wa gari kwenda nje.

Uzito haupunguzi umbali wa kusimama. Gari zito lina nguvu nyingi zaidi ya kuzuiwa. Pia mfuko usiofungwa vizuri huweza kurushwa mbele wakati wa ajali na kuumiza abiria. Kwa gari lenye matairi mazuri ya baridi, kilo chache za mchanga huleta tofauti ndogo.

Mbinu za uendeshaji

Kuondoka. Dereva hutumia mafuta kidogo sana. Kwenye gari la gia za mkono ni kawaida kuondoka kwa gia ya pili, ili nguvu inayofika magurudumuni ipungue. Kitufe cha SNOW kwenye gari la otomatiki hufanya kazi hiyohiyo: giaboksi huondoka kwa gia ya juu zaidi au injini huitika pole. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, kuongeza mafuta huyeyusha theluji iliyo chini yake na kuigeuza kuwa barafu.

Kupanda mlima. Mwendo hupatikana kabla ya mlima kuanza, na hutunzwa bila kubadilisha gia. Dereva huacha nafasi ya kutosha mbele yake ili asilazimike kusimama katikati ya mteremko, kwa kuwa kuondoka tena hapo ndiko kugumu zaidi kwa gari la magurudumu ya nyuma.

Kona. Tairi lina kiasi kimoja cha mshiko, nacho hugawanywa kati ya kugeuka na kusukuma au kuzuia gari. Ndiyo sababu breki hufungwa kabla ya kona, usukani hugeuzwa taratibu, na mafuta huongezwa polepole wakati gari linanyooka. Dereva anayekanyaga mafuta mengi katikati ya kona hunyang'anya magurudumu ya nyuma mshiko wa kubaki njiani.

Nyuma inapoteleza. Mkia ukienda nje, gari huanza kugeuka kuliko dereva alivyokusudia. Hatua zinazofundishwa ni kutazama mahali ambako gari linatakiwa kwenda, kuondoa mguu kwenye mafuta kwa ulaini na kugeuza usukani upande uleule ambako mkia unaelekea. Kwenye gari la gia za mkono klachi hukanyagwa pia, ili magurudumu ya nyuma yazunguke huru. Mara tu mkia unapoanza kurudi, usukani hurudishwa katikati. Wengi huchelewa hapo, na gari hurushwa upande wa pili kwa nguvu kubwa kuliko mara ya kwanza.

Kuachia mafuta ghafla ni kosa linaloadhibiwa zaidi kwenye gari lenye injini nyuma. Uzito huhamia mbele, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na mkia hutoka. Kubadilisha gia kwenda chini kwa ghafla kuna athari ileile, kwa sababu injini huzuia magurudumu ya nyuma pekee, kama breki ya mkono.

Mbele inapoteleza. Gari la magurudumu ya nyuma linaweza pia kwenda moja kwa moja ingawa usukani umegeuzwa, hasa likiingia kona kwa kasi. Kuongeza usukani hakusaidii. Dereva hupunguza mafuta, hurudisha usukani kidogo na kusubiri magurudumu ya mbele yashike tena.

Vifaa vya elektroniki

Breki za ABS, zilizotengenezwa na Bosch, ziliingia sokoni mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz ya daraja la S. Huzuia magurudumu yasijifunge, hivyo usukani huendelea kufanya kazi wakati wa kufunga breki. Kwenye theluji laini umbali wa kusimama unaweza hata kuwa mrefu kidogo, kwa kuwa gurudumu lililojifunga hukusanya theluji mbele yake kama kabari. Lakini gari lisilogeuka ni hatari kubwa zaidi.

Mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari ulianza kuuzwa mwaka 1995, pia na Mercedes-Benz pamoja na Bosch. Hulinganisha upande ambao usukani umeelekezwa na upande ambao gari linakwenda, kisha hufunga breki ya gurudumu mojamoja na kupunguza nguvu ya injini. Ni lazima kwenye magari madogo mapya nchini Marekani tangu mwaka wa modeli 2012 na katika Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014. Kwa magari ya magurudumu ya nyuma umeleta mabadiliko makubwa kuliko chombo kingine chochote isipokuwa matairi.

Mfumo huo hauongezi msuguano. Gari likiingia kona ya kilomita 40 kwa kilomita 60 litatoka nje hata kama taa zote za tahadhari zinawaka. Gari likikwama kwenye theluji nzito, udhibiti wa mtelezo huzimwa kwa muda, kwa sababu hukata nguvu ya injini kila gurudumu linapozunguka. Huwashwa tena gari likishatoka.

Magari ya umeme yanayosukumwa nyuma hudhibiti nguvu haraka sana kuliko injini ya petroli. Lakini mota inapozuia gari ili kurudisha umeme kwenye betri, huzuia magurudumu ya nyuma. Kwenye barafu dereva huchagua kiwango cha chini cha uzuiaji huo, pale gari linaporuhusu.

Hatari nyingine

Utando wa barafu usioonekana hutokea kwenye madaraja, ambayo hupoa kwa juu na kwa chini, na mahali penye kivuli msituni. Lami huonekana imelowa tu, lakini sauti ya maji chini ya matairi haisikiki na usukani huwa mwepesi mkononi. Hapo dereva hafanyi jambo lolote la ghafla.

Chumvi inayomwagwa barabarani huyeyusha barafu, lakini hupoteza nguvu yake kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Pia huozesha bodi, mabomba ya breki na ekseli. Kwa sababu hiyo wenye magari ya michezo ya thamani wengi huyaegesha wakati wote wa baridi. Ujerumani hutoa namba za usajili za msimu zinazotumika miezi kadhaa tu ya mwaka.

Gari lililo karibu na ardhi linaweza kukalia theluji kwa tumbo lake, na magurudumu yakabaki hayana uzito. Dereva aliyekwama huondoa theluji kwa sepetu chini ya gari na mbele ya magurudumu. Kabla ya kuwasha injini ili kupata joto ni lazima bomba la moshi lifukuliwe. Likiwa limezibwa, gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huweza kuingia ndani na kuua abiria wakiwa usingizini.

Mafunzo na mbio za magari

Katika Uswidi na Norwei kila anayetafuta leseni hupitia mafunzo kwenye uwanja wa utelezi. Kampuni za magari hujaribu modeli zake juu ya maziwa yaliyoganda karibu na Arjeplog, kaskazini mwa Uswidi. Hata dereva mzoefu hushauriwa kutafuta mahali pa wazi, panaporuhusiwa, na kujifunza kwa mwendo mdogo jinsi gari lake linavyoteleza kabla ya kukutana na hali hiyo barabarani.

Historia ya mbio inaonyesha uwezo wa magari haya. Porsche 911 ilishinda Monte Carlo Rally, mbio za barabara za milimani zenye theluji na barafu, miaka mitatu mfululizo: 1968 kwa Vic Elford, 1969 na 1970 kwa Msweden Björn Waldegård. Waldegård, bingwa wa kwanza wa dunia wa rali mwaka 1979, alishinda pia Safari Rally ya Kenya mara nne, zikiwemo 1977 kwa Ford Escort na 1984 kwa Toyota Celica, yote mawili magari ya magurudumu ya nyuma. Ulaini aliouzoea kwenye barafu ulifaa pia kwenye matope.

Audi Quattro ya mwaka 1980 ilileta magurudumu manne kwenye rali na kubadilisha mashindano hayo. Lancia 037 ilikuwa gari la mwisho la magurudumu ya nyuma kushinda ubingwa wa watengenezaji, mwaka 1983. Barabarani, hata hivyo, hakuna saa ya mashindano. Dereva wa gari la magurudumu ya nyuma anaweza kuchelewa, au kuliacha gari nyumbani siku ambayo theluji ni nzito kuliko uwezo wa matairi yake.

Tazama pia

- Gari
- Theluji
- Msuguano
- Safari Rally